Gitaa Halingoji Kompyuta

Muziki wa dansi hausamehe gitaa linalochelewa. Bendi kama DDC Mlimani Park, iliyoanzishwa mwaka 1978, ilijengwa juu ya magitaa yanayopokezana: solo, solo ya pili, rithimu na besi. Wimbo ukifika kwenye chemko, sehemu yake ya kuchangamka, kila mpigaji anajaza nafasi aliyoachiwa na mwenzake. Mmoja akibaki nyuma kidogo tu, nafasi hizo zinagongana na utamu unakwisha.

Kwa hiyo kijana wa Kibaha au Kisarawe anayetaka kujitengenezea pedali ya kubadili sauti ya gitaa kwa kompyuta ndogo ya bodi moja, mfano Raspberry Pi, aanze na hesabu ya muda. Mwangwi na mikwaruzo ya sauti vitafuata.

Kompyuta haishughulikii sauti papo hapo uzi unapopigwa. Inaipima mara 48,000 kwa sekunde, inakusanya vipimo hivyo katika kundi, ndipo inalifanyia kazi. Kundi la vipimo 64 hujaa kwa milisekunde 1.3; la 256 huchukua zaidi ya 5. Ongeza kundi linalosubiri kutoka, na muda wa kadi ya sauti kugeuza umeme kuwa namba, kisha namba kuwa umeme. Sauti yenyewe husafiri hewani kama mita 3.4 kwa milisekunde 10, kwa hiyo anayesimama umbali huo kutoka kwenye spika yake tayari ameshachelewa kiasi hicho. Pedali ikimwongezea 20 nyingine, mkono wake utaanza kusitasita.

Kulipunguza kundi nako kuna mpaka. Likiwa dogo mno, kompyuta haimalizi kazi kabla kundi lingine halijafika, na spika inatoa milio ya kukatika. Shida mara nyingi si nguvu ya kompyuta bali foleni: programu ya sauti inawekwa kando wakati mashine inahudumia mtandao au kuandika faili. Dawa ni mfumo unaoitanguliza sauti. Kwenye mfumo endeshi wa Linux, kazi hiyo husaidiwa na marekebisho ya PREEMPT_RT, yaliyokaa miaka mingi nje ya Linux kuu hadi yakaingizwa humo mwaka 2024. Bela, bodi iliyozaliwa Chuo Kikuu cha Queen Mary, London, huipa sauti kipaumbele hadi ucheleweshaji unashuka chini ya milisekunde 1.

Kwenye meza ya fundi kuna mitego mingine. Raspberry Pi haina tundu la kuingizia sauti, kwa hiyo kadi ya sauti ni lazima. Gitaa la umeme nalo linataka mlango wenye ukinzani wa kama megaomu 1. Likichomekwa penye ukinzani mdogo, sauti za juu zinafifia. Na kwa kuwa umeme hukatika bila taarifa, kadi ya kumbukumbu ifungwe isiandikwe wakati wa kupiga, faili zisiharibike.

Mkoa wa Pwani, zilipo Kibaha na Kisarawe, una pa kuanzia: sekondari za Kibaha na Minaki zina historia ndefu ya elimu. Mawimbi, ukinzani na mwendo wa sauti ni mambo ya fizikia ya darasani. Mwanafunzi aunganishe tundu la kutolea sauti na la kuingizia, atume mlio mmoja, apime umechukua muda gani kurudi. Namba hiyo ndiyo itakayomwambia kama pedali yake iko tayari kwa bendi.