Mashine Iwe ya Mwenyewe: Mila za Wacheza Gemu za Himaya za Angani

Kila jamii ina jambo inalolishika kuliko mengine yote. Kwa wacheza gemu za mikakati ya angani kwenye kompyuta, jambo hilo ni mamlaka ya mtu juu ya mashine yake. Mgeni akiwasikiliza kwa mara ya kwanza atadhani wanabishania mambo matatu yasiyohusiana: vifaa, mifumo endeshi na gemu zenyewe. Akikaa nao ataona kwamba ugomvi ni mmoja tu: nani mwenye kauli ya mwisho, aliyenunua au aliyeuza? Mimi ni mmoja wa jamii hiyo, na jibu langu ni lile lile la wenzangu wengi: aliyenunua.

Asili ya jamii hii inajulikana. Mwaka 1983 kampuni ya SSG ya Australia ilitoa Reach for the Stars, na miaka 10 baadaye studio ya Simtex ya Marekani ikatoa Master of Orion. Mwandishi Alan Emrich, alipoichambua gemu hiyo mwaka 1993, alieleza kwamba mchezaji ana kazi nne: kuchunguza, kujitanua, kuvuna na kuangamiza. Tangu hapo aina nzima inaitwa 4X, kwa herufi X iliyomo katika majina ya Kiingereza ya kazi hizo nne. Unaanza na sayari moja na vyombo vichache. Ukimaliza, ama unatawala nyota kwa mamia, ama taifa lako limefutika. Wepesi wa vidole hausaidii sana. Kinachotakiwa ni hesabu, diplomasia, utafiti na subira, kwa sababu mchezo mmoja unaweza kukumalizia jioni za wiki kadhaa. Anayeishi na mchezo mmoja muda mrefu hivyo hawezi kukosa kujali mashine inayoubeba, na hapo ndipo mila zinapoanzia.

Mila ya kwanza ni kuunda kompyuta kwa mkono wako. Prosesa ndiyo huwekwa mwanzo. Pembetatu ndogo iliyochorwa kwenye kona yake hulinganishwa na ile ya kwenye soketi, kisha huachwa ikae yenyewe bila kusukumwa. Juu yake hutiwa pesti ya kupitisha joto, kiasi cha punje ya mbaazi, halafu feni yake hufungwa kwa skrubu zinazokazwa kwa zamu, pembe hii kisha ile ya mkabala, ili uzito usielemee upande mmoja. RAM hukandamizwa mpaka isikike ikibana. Hakuna anayefunika kasha kabla ya kuwasha na kuona maandishi ya kwanza kwenye kioo. Adabu ya shughuli hii ni kwamba mzoefu husimama pembeni na kuelekeza kwa mdomo. Bisibisi hubaki mkononi mwa mwenye kompyuta. Siku kitu kikiharibika, atakayejua pa kushika ni yeye.

Mila ya pili ni mpangilio wa matumizi ya fedha. Wapenzi wa gemu za kufyatuliana risasi huanza na kadi ya grafiki, nao wana haki, maana wanahitaji picha nyingi kila sekunde. Sisi huanza na prosesa. Chukua Stellaris, iliyotolewa na Paradox ya Sweden tarehe 9 Mei 2016. Hadithi yake huanza mwaka 2200, na galaksi yake inaweza kuwa na nyota 1,000. Kila taifa lina wananchi, ajira, meli na mikataba yake, na sehemu kubwa ya hesabu hizo hufanyika pale mwezi wa gemu unapoanza. Karne ya kwanza hupita vizuri. Ikifika miaka ya 2400, kalenda inaanza kuburuta: meli bado zinang'aa na nyota zinapendeza, lakini tarehe inakwama kila mwezi mpya, kwa sababu hesabu nyingi hutegemeana na hazigawanyiki kirahisi kwa viini vyote vya prosesa. Hapo kadi ya grafiki hata iwe ghali namna gani haikuokoi. Ndiyo maana wapimaji wa Gamers Nexus wa Marekani, wanapochunguza prosesa, huitia Stellaris kwenye vipimo vyao na kuangalia inatumia muda gani kumaliza kipindi fulani cha kalenda ya gemu.

Kwa sababu hiyo hiyo jamii inaiheshimu Ryzen 7 5800X3D, ambayo AMD iliitoa Aprili 2022. Prosesa hiyo ilibebeshwa kache ya ziada hadi kufikia MB 96, hivyo data inayotakiwa mara kwa mara ikakaa jirani badala ya kufuatwa kwenye RAM. Lakini kilichopendwa zaidi ni jambo jingine: ilikaa kwenye soketi ya AM4, ile ile iliyopokea Ryzen za kwanza mwaka 2017. Mwenye madabodi ya miaka mitano aliweza kusasisha programu yake ya msingi, akabadilisha kipande kimoja, maisha yakaendelea. Rai yangu ni kwamba kifaa bora ni kile kinachokuruhusu kubadilisha sehemu moja bila kutupa nyingine zote. Nikipewa kuchagua kati ya soketi inayodumu na kasi iliyozidi kidogo, nachukua soketi.

Mabishano makali zaidi ni ya mifumo endeshi. Enzi za DOS, mchezaji alihariri mwenyewe mafaili ya CONFIG.SYS na AUTOEXEC.BAT ili gemu ipate nafasi ndani ya KB 640 za kumbukumbu ya kawaida, na wengine walitenga disketi ya kuwashia kompyuta kwa ajili ya gemu moja tu. Kazi ilichosha, lakini ilikifundisha kizazi kizima mambo yanayoendelea ndani ya mashine. Katikati ya miaka ya 1990, Brad Wardell wa kampuni ya Stardock aliandika Galactic Civilizations kwa ajili ya OS/2 ya IBM. Alitumia uwezo wa mfumo huo wa kufanya kazi kadhaa kwa wakati mmoja, adui anayeendeshwa na kompyuta akawa anapanga mambo yake huku mchezaji bado anatafakari. Kisha OS/2 ikashindwa na Windows sokoni, na gemu ikabidi iandikwe upya, ikatoka kwa Windows mwaka 2003. Funzo ninalolichukua hapo ni kwamba hata mfumo mzuri hufa, na mwenye busara haweki kila alichonacho mikononi mwa kampuni moja.

Funzo hilo limerudi siku hizi. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 pamoja na prosesa iliyomo kwenye orodha yake. Kompyuta nyingi zinazofanya kazi vizuri kabisa zimeachwa nje ya mlango. Wengi wetu tumegeukia Linux. Tangu Agosti 2018 kampuni ya Valve inatoa Proton, programu inayowezesha gemu za Windows kuendeshwa kwenye Linux, na Februari 2022 ikaleta Steam Deck, kifaa cha mkononi kinachotumia Linux hiyo hiyo. Zipo gemu za mashindano zinazokataa kufunguka huko kwa sababu ya programu zake za kuzuia udanganyifu, lakini gemu zetu za subira mara chache zina kizuizi hicho. Stellaris yenyewe ilikuwa na toleo la Linux tangu siku ya kwanza. Simlaumu anayebaki na Windows. Ninachopinga ni mtu kuambiwa mashine yake imezeeka wakati hakuna kilichoharibika ndani yake.

Kwetu Afrika Mashariki suala hili linagusa mfuko. Kompyuta nyingi zinazouzwa Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli Avenue, Nairobi, zimeshatumika maofisini ng'ambo: kina Dell OptiPlex na wenzao, prosesa ya kuridhisha lakini bila kadi ya grafiki. Kwa gemu za risasi za kisasa hazifai. Kwa Master of Orion II au Galactic Civilizations zinatosha na kubaki. Kijana anayeweza kuongeza RAM, kuweka SSD, kupiga Windows mwenyewe au kuweka Linux, ameingia kwenye jamii hii kwa gharama ndogo, na ujuzi alioupata akitafuta gemu unaweza kumpa kazi.

Mchezo ukiisha, huja mila ya kusimulia. Mchezaji huandika historia ya taifa lake sura kwa sura: nani alivunja mkataba, vita vilianzaje, sayari ipi ilianguka kwanza, na wasomaji huingoja sura inayofuata. Anayesimulia kushindwa kwake kwa ukamilifu husomwa kwa heshima sawa na mshindi. Ndiyo maana wengi hupenda hali ya Ironman, ambapo rekodi ya mchezo ni moja tu na uamuzi uliokwisha kufanywa haufutiki. Wakicheza wengi pamoja, mara nyingi hukubaliana kutoshambuliana miaka ya mwanzo, ili kila mtu apate kujenga kwanza.

Mila iliyo kubwa kuliko zote, kwa maoni yangu, ni kutoiacha gemu ife. Master of Orion II ilitoka mwaka 1996, studio yake ikafungwa zamani, lakini wapenzi wameendelea kuirekebisha hadi kufikia toleo lao la 1.50. Wengine wamejenga FreeOrion kutokana na mawazo yale yale, na wanaigawa bure pamoja na msimbo wake. Homeworld ya studio ya Relic ilitoka mwaka 1999. Msimbo wake ulipofunguliwa kwa wapenzi mwaka 2003, waliuhamishia kwenye mifumo ambayo wenye gemu hawakuifikiria. Wanaofanya kazi hizi hawalipwi. Wanafanya kwa sababu gemu waliyoinunua wanaihesabu kuwa yao.

Mwaka 2024 moyo huo ulifika kwenye siasa. Mtengeneza video wa mtandaoni, Ross Scott, alianzisha kampeni ya Stop Killing Games baada ya gemu ya The Crew kuzimiwa mitambo yake ya mtandaoni, hata walioinunua kihalali wasiweze kuifungua tena. Kufikia Julai 2025, ombi la kampeni hiyo kwa Umoja wa Ulaya lilikuwa limevuka sahihi milioni 1. Naliunga mkono bila kusita. Mtu akilipia kitu, muuzaji hana haki ya kurudi baadaye kukizima, iwe ni gemu, mfumo endeshi au kompyuta nzima. Jamii yetu imeliishi hilo kwa miaka 40 kwa kushika bisibisi na kuhariri mafaili. Sasa ni wakati wa kuliandika kwenye sheria, na atakayefaidika si mcheza gemu peke yake, bali kila mwenye simu, gari au trekta lenye programu ndani yake.