Kapasita ya Kwenye Njia ya Spika

Ukifungua amplifaya ndogo ya betri, mara nyingi utaikuta kapasita nene imekaa kati ya chipu na waya wa spika. Ikifa na dukani ikakosekana ya aina yake, wapo wanaoiruka na kuunga waya moja kwa moja. Sauti itatoka, ndiyo, ila muda si mrefu spika itaanza kupata moto.

Chukua chipu ya LM386, ambayo wanafunzi wengi wa elektroniki huanzia kwayo. Ikitumia betri moja ya volti 9 haiwezi kushuka chini ya sifuri, kwa hiyo sauti hupanda na kushuka kuzunguka volti 4.5. Hata kukiwa kimya, mguu wa 5 una volti hizo; weka tester kwenye DC utaziona. Koili ya spika ya omu 8 ikipimwa kwa DC huwa na kama omu 7 tu, kwa hiyo volti 4.5 zinataka kupitisha zaidi ya nusu ampea muda wote. Koili inasukumwa upande mmoja na kuganda huko, chipu inachemka, betri inakwisha, na hakuna sauti iliyofaidika.

Kapasita hujaa hadi volti hizo 4.5, kisha DC haina tena pa kupita. Kinachovuka ni mabadiliko tu, yaani sauti yenyewe. Ule mlio wa “pu” unapowasha mara nyingi ni kapasita hii ikijaa. Upande wa chanya uelekee kwenye chipu. Ukiigeuza, ya elektroliti huweza kuvimba hata kupasuka.

Lakini kapasita haijui DC ni ipi na besi ni ipi. Inachojua ni kwamba mawimbi ya polepole yanapita kwa shida. Mpaka wake ni 1 ukigawa kwa 2π, mara omu, mara faradi. Mchoro wa mtengenezaji wa LM386 unaonyesha mikrofaradi 250: kwa spika ya omu 8, besi zinaanza kufifia karibu na hezi 80. Weka 10 na mpaka unaruka hadi karibu hezi 2,000. Utasikia sauti nyembamba kama ya simu mbovu. Weka 1,000 na unashuka hadi hezi 20, ingawa kwa spika ya ukubwa wa kiganja naona hiyo ni hela ya bure, maana besi hizo haiwezi kuzitoa hata ikipewa.

Kwenye mashine ya ECG, inayochora umeme wa moyo, kosa la namna hii la kuchagua mpaka vibaya ni zito zaidi. Umeme wa moyo unaofika kwenye ngozi ni kama milivolti 1, ilhali vibandiko vyenyewe vinaweza kuongeza DC ya milivolti 300. Ukikuza vyote mara 1,000, amplifaya inatakiwa kutoa volti 300, na haiwezi. Kwa hiyo katika saketi nyingi vyote hukuzwa kidogo kwanza, DC ikaondolewa kwa kapasita, ndipo umeme wa moyo ukakuzwa tena. Kwa uchunguzi wa daktari mpaka huwekwa hezi 0.05, kwa kumwangalia tu mgonjwa kitandani, hezi 0.5 huvumilika. Ukipandisha ovyo, kipande cha mchoro kiitwacho ST kinaweza kuonekana kimeinuka au kimezama, na moyo mzima ukasomwa kuwa unashambuliwa.

Tatizo ni kwamba hezi 0.05 ni polepole mno: kibandiko kikiguswa, mstari hutoroka na kuchukua sekunde kadhaa kurudi. Ndiyo maana mashine nyingi zina swichi ya ndani inayoimwaga kapasita mara moja, ili muuguzi asisubiri.