Mkalimani wa kompyuta naye apimwe

Kuna dhana potovu miongoni mwa mafundi wa kompyuta kwamba programu ikishajengeka bila kulalamika, basi ni nzima. Dhana hiyo ni ya hatari, na mfano wa Perl watosha kulithibitisha hilo.

Perl ni lugha ya kuandikia programu aliyoitoa Mmarekani Larry Wall mwezi wa Desemba 1987. Kiini chake ni mkalimani: husoma maagizo yaliyoandikwa na binadamu, akayafasiri na kuyatekeleza. Mkalimani huyo mwenyewe ameandikwa kwa lugha ya C. Na kwa kuwa Unix ni ukoo wenye ndugu wengi wasiofanana, msimbo wake asilia hutolewa wazi ili kila fundi aujenge kwake. Kwanza huendeshwa hati iitwayo Configure, ambayo huidadisi mashine: ina kompaila gani, namba zake zina ukubwa gani, maktaba zipi zimo. Kisha amri ya make hujenga mkalimani mdogo, miniperl, ambaye husaidia kumkamilisha mkubwa.

Hapo ndipo wengi hupapia. Huandika make install na kwenda zao, wakiiruka amri ya make test. Waama, kujengeka si kufanya kazi sawasawa. Kompaila yenye kasoro, katika kujitahidi kuipa programu kasi, yaweza kuvuruga hesabu pasipo kutoa onyo lolote.

Majaribio hayo yamekuwamo tangu toleo la kwanza, nayo yameandikwa kwa Perl yenyewe. Msomaji atauliza: mwamba ngoma si huivutia ngozi kwake? La hasha. Majaribio ya mwanzo ni ya mambo madogo mno, mathalani kama sharti sahili lafuatwa. Jaribio lifauluapo huchapa "ok", lishindwapo "not ok". Msingi ukionekana mbovu, kazi nzima husimamishwa papo hapo. Ukithibitika, ndipo hutumiwa kupimia makubwa.

Ni kweli kwamba jaribio likishindwa, lawama si lazima iwe ya Perl. Huenda kosa ni la kompaila, au la mpangilio wa lugha na herufi katika mashine. Hata hivyo, heri kujua mapema. Hebu fikiria mkalimani mbovu aliyekabidhiwa orodha ya mishahara au alama za mitihani. Hatakataa kazi. Atatoa jibu, nalo litaaminiwa kwa kuwa limetoka kwenye kompyuta. Atakayeumia ni mwalimu wa kijijini au mtoto wa mkulima, ambaye hata jina la Unix hajapata kulisikia.

Kwa hivyo, wanaofunza kompyuta vyuoni wasiridhike vijana wetu wakijua kujenga tu. Wawazoeze kuyasubiri majaribio hadi mwisho na kuuchunguza kila mstari ulioshindwa. Mkalimani asiyepimwa asikabidhiwe riziki ya watu.