Mtoto Asiyelia

Katika Likasi, mji wetu wa shaba, vijana wengi hutamani vazi jeupe la uuguzi. Wengine husomea daraja la A2, wengine hupanda hata A1. Siku ya cheti jamaa hukusanyika na kuku huchinjwa, wala si vibaya. Lakini mtoto azaliwapo asilie, cheti kilichotundikwa ukutani kitamfaa nini?

Kila anayetaka kuwa mwuguzi na aijue kazi ya saa hiyo. Mtoto hukaushwa upesi kwa kitambaa, husuguliwa mgongo, na kinywa chake husafishwa kikiwa na uchafu. Asipopumua bado, kitovu hukatwa, kichwa hulazwa sawasawa, kisha pua na kinywa hufunikwa kwa kifuniko kidogo chenye mfuko wa hewa. Mfuko huo huminywa kwa mkono mara 40 hivi kwa dakika. Hauhitaji umeme, jambo ambalo sisi tuliozoea giza la ghafula twaelewa maana yake. Pumzi hiyo ya kwanza yapasa ianze kabla ya sekunde 60 kwisha. Ndiyo waalimu waiitayo dakika ya dhahabu.

Madaktari wa watoto wa Marekani waliyatoa masomo hayo mwaka 2010. Mwanafunzi hujizoeza kwa mwanasesere anayejazwa maji ili awe mzito kama mtoto kweli.

Mwaka huohuo, katika hospitali ya Walutheri ya Haydom, Tanzania, watumishi wa uzazi walifundishwa siku moja. Miezi ilipopita walipimwa mbele ya mwanasesere, wakafanya vizuri kuliko kwanza. Ajabu ni kwamba mbele ya watoto wenyewe mwendo wao ulikuwa uleule wa zamani! Basi mwaka 2011 hospitali ikabadili njia: mazoezi mafupi ya dakika tatu hadi tano, kila juma, palepale kazini. Mwaka mmoja kabla, katika kila watoto 1000 walikufa 11 hivi siku ya kwanza. Mwaka uliofuata wakawa 7.

Kwa hiyo mzazi anayelipa ada ya mwanawe katika shule ya uuguzi asiulize habari za cheti tu. Aulize kama mwanasesere yupo, na hutolewa kabatini mara ngapi kwa mwezi.