Barafu ya Mbali, Bahari Yetu

Baridi ya Julai mjini Nairobi haimstahi mtu wa pwani. Mwaka 2023, katika Mfunguo Nne, nilikuwa mgeni wa mpwa wangu huko Spring Valley, karibu na barabara iitwayo Peponi. Nimejitanda shali, nanywa kahawa chungu, naye akaniambia, "Mjomba, hapo Gigiri wanamchagua mkubwa wa wale wataalamu wa tabianchi, wanaotupa habari za joto la dunia na barafu ya ncha zake."

Nikamjibu, "Barafu ya huko yamhusu nini mtu wa Lamu?"

Swali hilo nimelitubia. Barafu iliyolala juu ya nchi kavu ya Greenland, lau ingeyeyuka yote, ingeinua bahari kiasi cha mita 7. Hayo si ya leo wala ya kesho. Lakini tangu 1901 hata 2018 bahari za dunia zimekwisha kupanda kama sentimita 20, kwa maji kupata joto na kutanuka, na kwa barafu kuyeyuka. Sentimita 20 ni kama shibiri moja. Mwenye nyumba ufuoni ajua kuwa wakati wa bamvua, shibiri moja ndiyo tofauti ya kizingiti kikavu na mkeka ulioroa.

Jopo hilo la serikali mbalimbali liliundwa mwaka 1988 na mashirika mawili ya Umoja wa Mataifa, na moja lina makao yake hapo hapo Gigiri. Halifanyi uchunguzi lenyewe. Hukusanya kazi za wataalamu, likazipima, kisha likazieleza serikali. Mwaka 2019 lilitoa ripoti nzima juu ya bahari na barafu. Mkubwa wake ni mfano wa nahodha: hatweki tanga kwa mkono wake, lakini chombo kikienda mrama, yeye ndiye aulizwaye.

Wagombea walikuwa wanne: Jim Skea wa Uingereza, Thelma Krug wa Brazili, Jean-Pascal van Ypersele wa Ubelgiji, na Debra Roberts wa Durban, Afrika Kusini, mji wa bahari kama yetu. Tarehe 26 Julai, katika duru ya mwisho, Profesa Skea alipata kura 90, na Bibi Krug 69.

Tangu 1988 hajapata Mwafrika kuchaguliwa kukalia kiti hicho. Mara hii kura zilipigwa kwetu, nasi tukawa wenye nyumba ya harusi, bwana harusi akatoka kwingine. Hata hivyo hatukurudi mikono mitupu. Dakta Ladislaus Chang'a, wa Mamlaka ya Hali ya Hewa ya Tanzania, alichaguliwa kuwa mmoja wa makamu watatu.

Kiti ni amana, na amana ina mwenyewe. Wenyewe wa hii ni pamoja na mvuvi wa Faza na mama wa Vanga, ambao hawakupiga kura. Ombi langu kwa viongozi hao ni moja: habari za barafu na bahari zitufikie kwa Kiswahili, zisomwe barazani na kufahamika, kabla maji ya bamvua hayajatuletea yenyewe. Mola awape uwezo wa kuichunga amana hiyo.