Umri wa Fanani: Tahadhari kwa Wakusanyaji wa Fasihi Simulizi

Makala hii yakusudia kulichunguza swali moja ambalo wakusanyaji wengi wa fasihi simulizi hulitanguliza wanapomkabili msanii mkongwe, nalo ni: “Una umri gani?” Swali hili laonekana jepesi. Hata hivyo, tutajaribu kuonyesha kwamba jibu lake nalo ni usimulizi unaohitaji kufasiriwa, na kwamba likitangulizwa laweza kuuficha usanii wenyewe.

Mfano mashuhuri kupita yote ni wa Fatuma binti Baraka wa Unguja, aliyejulikana kama Bi Kidude. Alifuata nyayo za Siti binti Saad katika taarabu, alikuwa somo wa unyago, na hadi uzeeni alipiga ngoma ya msondo huku amesimama. Mwaka 2005 alitunukiwa tuzo ya WOMEX. Alipofariki Aprili 2013 magazeti hayakuafikiana juu ya umri wake. Yeye mwenyewe hakuwa akitaja mwaka wa kuzaliwa, bali alitaja zama za rupia. Na wasikilizaji wengi wakakata shauri kwamba alizaliwa kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza.

Hapa ndipo penye mtego. Nchini Kenya rupia iliondolewa mwaka 1920, ikafuatwa na florini kwa muda mfupi, kisha shilingi. Unguja, lakini, iliendelea kutumia rupia hadi mwaka 1936. Basi mzee wa Nakuru anayesema kwamba aliishika rupia na mzee wa Unguja anayesema maneno yayo hayo waweza kuachana kwa miaka kumi na sita. Hatudai kwamba Bi Kidude hakuwa mkongwe. Twasema tu kwamba ushahidi wa rupia peke yake haukutosha kuthibitisha kilichodaiwa.

Mkusanyaji afanyaye kazi Nakuru, Njoro, Molo au Subukia anazo alama nyingine za wakati: tetemeko kubwa la ardhi la Subukia la Januari 1928, vita vya 1939 hadi 1945, hali ya hatari iliyotangazwa mwaka 1952, na uhuru wa 1963. Kadhalika yako marika. Kwa Wakikuyu, jina la rika aghalabu hutokana na tukio la wakati wa kutahiriwa, kwa hiyo latupa mwaka wa jando wala si wa kuzaliwa. Kwa Wakalenjin, majina ya rika huzunguka na kurudi tena baada ya vizazi kadhaa. Mgeni asiyejua utaratibu huo aweza kumchanganya mjukuu na babu yake. Aidha, kwa kila tukio hapana budi kuuliza: “Uliliona, au ulisimuliwa?” Wazee husimulia yote mawili kwa uhai ule ule.

Mwandishi wa makala hii aliyajifunza haya kwa aibu. Aliporejea kutoka masomoni ng’ambo alimwendea mzee mmoja karibu na Njoro, mpigaji akodiani katika ngoma ya mwomboko, akiwa na fomu ya maswali na kinasa sauti. Mzee alikuwa amekwisha kukipakata chombo chake. Nikaanza na umri, mwaka wa kuzaliwa, mwaka wa jando. Yakapita maswali kumi. Mzee akakirudisha chombo sandukuni, akasema kwa upole kwamba yaonekana mwanangu ametumwa na ofisi ya vitambulisho. Siku ile sikupata hata wimbo mmoja, na nafasi ya pili haikupatikana, kwani mzee alifariki kabla sijarudi. Fomu ninayo hadi leo. Ina tarakimu tatu, zote za kukisia.

Tangu hapo nawashauri wanafunzi wangu waanze na utendaji. Fanani na aimbe kwanza, mbele ya hadhira yake ikiwezekana. Kisha aulizwe: Ni nani aliyekufundisha? Ni nini ulichokuwa ukifanya zamani usichokifanya sasa? Ni nani akupokeaye pumzi inapokatika? Maswali haya ya mwisho yana manufaa makubwa, kwa maana uzee haumwondolei fanani sanaa yake, bali humlazimu kuibuni upya. Hufupisha beti, hushusha sauti, huwaachia vijana kiitikio, huweka kimya pale palipokuwa na mruko. Mabadiliko hayo ni sehemu ya matini, nayo yastahili kuandikwa kama yaandikwavyo maneno. Tarehe nazo zitajitokeza zenyewe: “Wimbo huu niliupata mwaka tuliporudi kutoka vitani” ni jibu lenye thamani kuliko tarakimu ya kubahatisha.

La mwisho ni kumrudishia fanani sauti yake. Nyimbo za Wakipsigis ambazo Hugh Tracey alizirekodi Kapkatet mwaka 1950 zilirudishwa kwa wenyewe baada ya zaidi ya miaka 60. Fanani mkongwe hana muda wa kungoja kiasi hicho. Basi na tumpelekee nakala yake upesi, tuketi tuisikilize pamoja naye. Huenda atakayotueleza wakati huo yakawa mengi kuliko aliyotueleza siku ya kwanza. Kuishi kwingi ni kuona mengi, na umri wake na tuuulize mwishoni, baada ya kusikia alichoutumia kukifanya.