Picha ni Amana

Na Mwandishi Wetu, Mwanza

Katika miaka ya 1970 na 1980, kupigwa picha lilikuwa jambo la kujiandaa. Familia iliyotaka picha ilioga, ikajipaka mafuta, ikavaa nguo za sikukuu, kisha ikaongozana hadi studio. Mpigapicha aliwapanga: baba kitini, mama kando yake, watoto mbele, akawaonya wasipepese macho. Mkanda mrefu ulitoa picha 36 tu, na kila picha iliyoharibika ilikuwa hasara. Siku zikapita, wenyewe wakarudi kuchukua picha yao, wakaitia katika fremu na kuitundika sebuleni. Huenda ingali inaning'inia pale hadi leo.

Sasa mambo yamegeuka. Mfanyakazi mwenye simu ya mkononi hutembea na kamera mfukoni, naye aweza kupiga kwa siku moja picha nyingi kuliko alizopigwa babu yake maisha yake yote. Lakini wingi huo umeleta swali ambalo zamani halikuwa na uzito, kwa sababu aliyepigwa picha ndiye aliyeiagiza, akailipia na kuondoka nayo. Leo anayepigwa mara nyingi hajaagiza kitu. Je, mpigapicha ana deni lolote kwake?

Swali hilo tulilikuta Mwanza, tulipofuatana kwa mapumziko ya mwisho wa wiki na kundi dogo la wapenda picha. Kati yao hakuna anayekula kwa kamera. Mmoja ni mwalimu wa sekondari, mwingine fundi cherehani, wa tatu ni muuguzi, wa nne dereva wa daladala, na wa tano ni kijana wa kiwanda cha samaki. Kamera wanazo mbili, zote zilizonunuliwa mikononi mwa watu. Waliosalia hutumia simu. Mara moja kwa mwezi huchanga nauli, wakachagua mahali, wakaenda kupiga picha na kusahihishana.

JUMAMOSI MWALONI

Jumamosi tulianzia soko la Mwaloni, Kirumba, jua likiwa bado chini. Saa hizo, alieleza Mwalimu, mwanga huja kwa ubavu, ukaonyesha mikunjo ya gunia na makunyanzi ya uso. Saa sita mchana jua hukaa utosini, macho ya watu yakabaki mashimo meusi. Soko lenyewe lilikuwa limekwisha kuchangamka. Wapagazi walipishana na magunia mabegani, malori yalikuwa yakipakia, na dagaa waliotandazwa walimeta kama vipande vya bati. Dagaa hao huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi inapokuwa kali, wavuvi hupumzika na soko likapoa.

Dereva alimwona mama mmoja akichambua dagaa, akainua simu bila neno. Mama akaacha kazi yake.

"Kijana, kwenu hakuna salamu?"

Dereva akashusha simu. Muuguzi akasogea na kuinama kidogo. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mwambie mwenzio kwamba kila siku wanakuja watu hapa, wanatupiga picha, wanakwenda zao. Mimi nimepigwa mara nyingi mno, lakini picha hata moja sijaitia mkononi. Mnazipeleka wapi?"

Hakuna aliyekuwa na jibu la haraka. Muuguzi alimweleza kwamba wao ni wafanyakazi wa hapo mjini, wanajifunza, na kwamba akikubali watamletea yake iliyosafishwa kwenye karatasi. Mama aliwatazama mmoja mmoja, kama anayepima dagaa kwa jicho. Kisha akasema, "Haya. Lakini nijifunge kilemba changu vizuri. Msinipige nimeinama kama mwizi."

Akajifunga, akaketi wima mbele ya magunia yake. Dereva akapiga picha mbili tu. Mwalimu akatoa daftari na kuandika kizimba cha mama huyo na siku, ili ahadi isije ikapotea njiani.

JUMAPILI KISIWANI

Asubuhi ya pili tulipanda boti Capri Point, na baada ya dakika chache tukatia nanga Saanane. Kisiwa hiki kina historia ambayo wakazi wengi wa Mwanza huipita bila kuijua. Jina lake ni la Mzee Saanane Chawandi, mkulima na mvuvi aliyekuwa akiishi hapo kabla serikali haijakichukua. Mwaka 1964 kilifanywa bustani ya wanyama, ya kwanza ya serikali nchini. Kati ya mwaka huo na 1966 waliletwa wanyama wa kila aina: tembo, faru, nyati, twiga, pofu, pundamilia na wengineo. Shabaha ilikuwa kuwajengea wananchi mapenzi kwa wanyamapori, na kuwapa mahali pa kupumzikia.

Ikumbukwe kwamba miaka mitatu kabla yake, Septemba 1961, Mwalimu Nyerere alikuwa ametoa Ilani ya Arusha, akiwatangaza wanyamapori kuwa amana ambayo taifa linapaswa kuwatunzia watoto na wajukuu. Saanane ilifanywa pori la akiba mwaka 1991, na mwaka 2013 ikapanda daraja kuwa hifadhi ya taifa. Ndiyo hifadhi ndogo kuliko zote nchini: eneo lake, pamoja na sehemu ya ziwa, ni kilomita za mraba 2.18.

Udogo huo ni neema kwa mwenye kamera, maana huhitaji gari. Unatembea kwa miguu, miambani na vichakani. Pimbi wanaota jua juu ya mawe, swala pala wanakutazama kutoka kivulini, tumbili wanangoja usahau mfuko wako wa vitafunio.

Muuguzi hakushughulika na wanyama wakubwa. Alilala kifudifudi mbele ya jabali moja kwa muda wa nusu saa, akimngoja mjusi. Wataalamu humwita mjusi huyu Agama mwanzae, jina ambalo limetokana na Mwanza yenyewe, nalo limo vitabuni tangu 1923. Dume ana kichwa na mabega mekundu, na kiwiliwili cha buluu. Jike ana rangi ya hudhurungi inayofanana na mwamba. Asubuhi ya baridi hata dume hufifia. Mwili wake ukishapata joto ndipo rangi zinapokolea, naye hupanda juu ya jiwe na kutikisa kichwa kuwaonya madume wenzake. Muuguzi alikuwa anajua hayo, ndiyo maana hakuwa na haraka. Picha aliyoipata ilikuwa moja, na wenzake wote waliionea wivu.

MABISHANO YA WAVU

Tulifika kwa simba. Huyo hazururi kisiwani. Yumo ndani ya uzio wa wavu wa chuma. Hapo fundi cherehani alionyesha ujuzi wake. Aliuliza kwanza kwa mhifadhi mahali anaporuhusiwa kusimama. Kisha akachagua sehemu ya wavu iliyo kivulini, kwa sababu chuma kilichopigwa na jua hung'aa na kuharibu picha. Akafungua tundu la lenzi hadi mwisho, akaisogeza lenzi karibu na wavu kadiri alivyoruhusiwa, akasubiri simba awe mbali na uzio. Ukifanya hivyo, wavu ulio mbele ya lenzi huyeyuka usionekane. Naam, simba akatokea peke yake, manyoya yakicheza kwa upepo wa ziwa, utadhani yuko Serengeti.

Wenzake wakashangilia. Mwalimu hakushangilia.

"Fundi, picha ni nzuri. Lakini nikiibandika darasani, wanafunzi wangu watajua huyu ni simba wa porini. Nitakuwa nimewadanganya bila kufungua kinywa."

"Mwalimu," akajibu Fundi, "hata suruali nzuri huficha mshono. Mtazamaji anamtaka simba, hakuja kutazama seng'enge."

"Mshono umefichwa, lakini mvaaji anajua kwamba upo. Mtazamaji wako hajui."

Wakaendelea hivyo kwa muda, kila mmoja na hoja yake, hadi Muuguzi alipowaamua: zipigwe picha mbili, moja yenye wavu na moja isiyokuwa nao, na nyuma ya kila moja iandikwe kwamba simba huyu alipigwa Saanane, ndani ya uzio. Fundi alikubali kuandika, ila akashikilia kwamba yake ndiyo nzuri zaidi. Katika hilo hakuna aliyembishia.

AHADI INATIMIZWA

Kundi hili lina desturi ya kuchambua picha zake pamoja. Kati ya mamia yaliyopigwa siku hizo mbili, walichagua kumi na mbili za kusafishwa, na ya mama wa Mwaloni ilikuwa ya kwanza kutengwa. Jumamosi iliyofuata Dereva aliipeleka mwenyewe, na safari hii alianza na shikamoo.

Mama aliifuta mikono kwa khanga kabla ya kuipokea. Akaitazama kwa muda mrefu. "Hii naipeleka Ukerewe kwa mama yangu," alisema. "Macho yake bado yanaona." Kisha akauliza kama angeweza kupata nyingine ya kwake. Aliipata.

KWA FAMILIA ZETU

Ndugu msomaji, shughuli ya namna hii haihitaji fedha nyingi. Yahitaji kuamka mapema, miguu inayotembea na subira. Kabla ya kupiga picha ya mtu, msalimie na umwombe ruhusa. Akikataa, heshimu neno lake. Kabla ya kupiga ya mnyama, mpe nafasi, usimtupie mawe wala chakula ili ageuze uso. Badala ya kulalamikia kamera duni, sogea hatua mbili mbele.

Aidha, usiziache picha zote ndani ya simu. Simu huibwa, huanguka majini, na ikifa huzika pamoja nayo sura za watoto wako. Safisha chache kila mwaka, zile zilizo bora, na nyuma ya kila moja andika jina, mahali na tarehe. Mjukuu atakayeishika picha hiyo baada ya miaka arobaini hatakuwa na mtu wa kumuuliza ikiwa wewe hukuandika.

Anayekubali kupigwa picha hukukabidhi uso wake. Mnyama hana hata nafasi ya kukubali. Wote wawili wanakudai jambo moja: usiwasingizie. Na binadamu anakudai la pili, kwamba picha yake imfikie. Mwenye kamera akiyatimiza hayo, hana sababu ya kuogopa kurudi mahali alipopigia picha.